Nani Aliuliza Habari za Kombe?

Ndugu msikilizaji, Alhamisi ya tarehe 7 Juni 2001, saa moja hivi asubuhi, nilikuwa uani napiga mswaki, mara mlango wa mbele ukagongwa kwa nguvu ambayo mtaani kwetu ilikuwa na maana mbili tu: ama kuna msiba, ama maji yametoka bombani. Nikaenda kufungua na povu mdomoni. Aliyekuwa akigonga ni fundi cherehani wa mtaa, mtu mzima mwenye mke na watoto, tepu yake ya kupimia inaning'inia shingoni kana kwamba alilala nayo. Kumbe hakulala kabisa.

"Mwalimu," akaniambia, "tumebapiga! Tumebapiga kwao!"

Fundi alikuwa mtu wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa na hizo "ba" ambazo watoto wa mtaani walizoea kumwigiza. Hapo sikucheka. Nilitaka kwanza kujua ni nani hao waliopigwa, kwa maana miaka ile, mtu wa Bukavu akikuambia asubuhi kwamba watu wamepigwa, hukimbilii kufikiri habari za michezo.

"Kwao", kumbe, ni Los Angeles. Waliopigwa ni Lakers, mabingwa watetezi wa ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Na "sisi" tuliopiga, msikilizaji, ni Philadelphia 76ers, timu ya mji ambao Fundi hakupata kuuona hata kwenye kadi ya posta, na ambao mpaka mwezi Februari mwaka ule asingeweza kukuonyesha uko upande gani wa ramani. Februari ndipo timu hiyo ilipomchukua Dikembe Mutombo kutoka Atlanta. Mutombo ni mzaliwa wa Kinshasa, urefu wake futi 7 na inchi 2. Alikwenda Marekani mwaka 1987 kusoma Chuo Kikuu cha Georgetown akiwa na nia ya kuwa daktari, wakamwona urefu wake wakampa mpira. Kazi yake uwanjani ilikuwa kuzuia. Ukirusha mpira aliupangua, kisha alikutikisia kidole kama mama anayemkataza mtoto kugusa sufuria. Fundi alikuwa na picha yake moja, imekatwa gazetini, amebandika juu ya cherehani: Mutombo amelala chali sakafuni, ameukumbatia mpira kwa mikono miwili, anacheka. Hiyo ni ya mwaka 1994, siku ambayo Denver, timu ya nane katika upande wake, iliitoa Seattle iliyokuwa ya kwanza. Jambo hilo lilikuwa halijapata kutokea katika ligi ile.

Basi usiku ule Fundi alikuwa amefanya mapatano na mlinzi wa baa moja iliyokuwa na dishi. Mapatano yalikuwa haya: Fundi akunje mapindo ya suruali mbili za mlinzi bila malipo, na mlinzi afungue televisheni saa kumi alfajiri, sauti iwe chini, mwenye baa asisikie. Wakakaa wawili hao kwenye viti vya plastiki, mmoja ana rungu, mwingine ana tepu, wanatazama mpira usiotoa sauti.

Nikwambie na hali ilivyokuwa, maana bila hivyo utaona mtu mzima amegonga mlango bure. Lakers walikuwa na Shaquille O'Neal, mtu wa futi 7 na ushei na uzito wa kilo zaidi ya 140, na walikuwa na Kobe Bryant. Walikuwa wameshinda mechi 19 mfululizo, na 11 kati ya hizo ni za mtoano. Waandishi wa michezo wa Marekani hawakuwa wakiulizana nani atashinda fainali. Walikuwa wakiulizana kama Lakers watamaliza mtoano wote bila kupoteza hata mechi moja, jambo ambalo hakuna timu iliyopata kulifanya. Philadelphia nao walikuwa wameshinda mechi 11 za mtoano, ila iliwachukua mechi 18 kuzipata. Toronto waliwapeleka hadi mechi ya saba, ikaisha kwa tofauti ya pointi moja baada ya Vince Carter kukosa mtupo wa mwisho. Milwaukee nao wakawapeleka hadi ya saba, wakamalizana Jumapili, na Jumatano walitakiwa wawe wamevuka bara zima wako Los Angeles. Eric Snow alicheza na ufa katika mfupa wa kifundo cha mguu. George Lynch alikuwa amevunjika mguu. Na tegemeo lao lote, Allen Iverson, alikuwa mtu wa futi 6. Katika mchezo huo, futi 6 ni mtoto.

Mtoto huyo alifunga pointi 48. Philadelphia walifika kuongoza kwa pointi 15 ugenini, wakazipoteza zote, dakika za kawaida zikaisha 94 kwa 94. Muda wa nyongeza ulipoanza, Lakers wakapata pointi tano za kwanza. Hapo, alivyonisimulia Fundi, mlinzi wa baa alisimama akasema sasa basi, tuzime, kumekucha. Fundi akamshika mkono. Kuanzia pale Philadelphia walifunga 13, Lakers wakafunga 2. Katika hizo 13 mna mtupo mmoja wa Iverson akiwa pembeni, mbele ya benchi la Lakers. Beki aliyekuwa akimkaba, Tyronn Lue, alianguka pale pale, na Iverson akamvuka kwa hatua ndefu, taratibu, kama mtu anavyovuka mtaro. Matokeo 107 kwa 101. Shaq alikuwa amefunga 44 na kudaka mipira 20 iliyorudi, na bado wakafungwa. Mutombo alipata pointi 13 na mipira 16.

Haya yote Fundi alikuwa amekuja nayo mlangoni kwangu, tumbo limejaa, anataka kuyasimulia moja baada ya jingine. Mimi nilimjibu nini?

Nilikuwa mtu wa mpira wa kikapu, lazima niseme hivyo. Ujanani nilicheza, baadaye nikawafundisha vijana, na mtaani kwetu mabishano yakitokea juu ya mchezo huo nilikuwa ninaitwa mimi kuamua. Cheo hicho kina uzito wake. "Fundi," nikamwambia, povu linanidondoka, "hiyo ni mechi moja. Kombe ni la anayeshinda nne. Lakers walikuwa wamekaa siku kumi bila kucheza, miili imepoa. Sasa wameamka. Watashinda nne mfululizo, utaona."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya, mwalimu." Akaenda kufungua kibanda chake.

Sikukosea hata mechi moja, msikilizaji. Mechi ya pili Shaq alifunga 28, akadaka 20, akatoa pasi tisa za vikapu na kupangua mitupo minane, Lakers wakashinda 98 kwa 89. Ya tatu, Philadelphia kwenyewe, 96 kwa 91. Ya nne 100 kwa 86. Ya tano, tarehe 15 Juni, 108 kwa 96, kombe likarudi Los Angeles. Yote nilikuwa nikiyapata redioni asubuhi. Na kila asubuhi nilisikiliza kama mtu anayehesabu fedha zake mwenyewe.

Fundi hakuja tena mlangoni. Jumamosi ile nikatafuta suruali ambayo haikuwa na kasoro yoyote, nikaikwapua kamba ya mfukoni ili ipatikane sababu, nikaenda kibandani.

"Habari za Philadelphia, Fundi?"

"Nzuri, mwalimu."

"Si nilikuambia?"

Akaondoa mguu kwenye pedali. Akakata uzi kwa meno, akaweka kando nguo aliyokuwa akishona. "Mwalimu," akasema, "ile asubuhi mimi sikukuuliza nani atabeba kombe. Nilikuletea habari njema. Ni mwaka wa tatu sasa, mtu akinigongea mlango usiku ni kuniletea habari za nyumbani, na hakuna hata moja iliyokuwa njema. Usiku ule nikapata moja. Nikasema, nimpelekee nani? Nikaona nikuletee wewe."

Kisha akaniuliza suruali ina nini.

Nimekaa na maneno hayo miaka mingi, na nakiri kwamba kwanza nilijitetea. Nikasema moyoni, mimi nilisema kweli, na mtu hawezi kulaumiwa kwa kusema kweli. Lakini hebu itazame hiyo kweli yangu. Fundi alileta habari ya jambo lililokwisha tokea. Mimi nikamjibu kwa jambo ambalo halijatokea. Alisema "tumeshinda jana", nikamjibu "mtashindwa keshokutwa". Hayo si majibu. Ni kama mtu akuambie mkewe amejifungua salama, wewe umwambie kwamba binadamu wote watakufa. Ni kweli, lakini nani alikuuliza?

Mashabiki wa timu ndogo wanajua hesabu, tusijidanganye. Wale wa Philadelphia walizijua kuliko mimi. Mji wao ulikuwa na timu nne kubwa katika michezo minne, na kombe la mwisho lilikuwa limeingia mjini mwaka 1983, lililetwa na 76ers hao hao. Baada ya hapo ni miaka 18 ya kufika nusu ya njia. Mtu wa mji kama huo humfundishi kwamba mechi moja si kombe. Ndiye aliyelipa ada ya somo hilo. Na kwa kuwa analijua, akishinda ya kwanza hana sababu ya kuiweka furaha akiba. Aiweke mpaka lini? Akingoja kombe, na kombe lisije, atakuwa amekosa vyote viwili: kombe hana, na Jumatano yake ameiacha ipite bila kuifurahia. Kombe lililofuata Philadelphia walilipata mwaka 2008, tena kwa besiboli.

Anayesema "subiri kwanza" kwa kawaida ni sisi ambao hatuna chetu pale. Mwenye timu kubwa hasemi hivyo, yeye husema "bahati tu" akalale. Mwenye timu ndogo yuko barabarani anapiga honi. Katikati ndipo tulipo sisi wenye akili, tunaotaka tusije tukaonekana tumedanganyika, na kwa sababu hiyo tunazima taa za wenzetu.

Lakini kulikuwa na jambo jingine katika ile "tu" ya Fundi, ambalo mimi mwalimu sikulisikia. Mwaka 2001 Kongo ilikuwa imekatwa vipande. Vita vilivyoanza Agosti 1998 vilikuwa vinaendelea. Bukavu ilikuwa mikononi mwa waasi, Kinshasa mikononi mwa serikali, na kati yao majeshi ya nchi nyingine kadhaa. Rais Laurent Kabila alikuwa ameuawa mwezi Januari mwaka ule ule. Mtu wa Bukavu na mtu wa Kinshasa hawakuweza kutembeleana hata wakitaka. Fundi hakupata kufika Kinshasa maishani mwake, na lugha ya kwao Mutombo hakuijua. Ukimuuliza habari za wanasiasa wa huko Kinshasa, alikuwa hasemi "sisi", alikuwa anasema "bale". Usiku ule, kwenye kiti cha plastiki, ndipo alipoitumia "sisi" kwa nchi nzima. Mimi nikashughulika na hesabu za mechi nne.

Kuna mtu ataniandikia barua kwamba mechi ile haikuwa na maana, kwa sababu waliishia kufungwa. Namwomba atazame rekodi. Lakers walimaliza mtoano wa mwaka 2001 kwa ushindi 15 na kushindwa 1. Ulikuwa mwendo bora kuliko wa timu yoyote kabla yao, na shabiki wa Lakers akiutaja hawezi kuutaja bila kuitamka hiyo moja. Na kinachooneshwa mpaka leo katika fainali ile si Shaq akibeba kombe. Ni yule mtu wa futi 6 akimvuka mwenzake. Nimwonee huruma Lue pia, kwa haki: aliyevukwa ndiye aliyepata pete, siku tisa baadaye, na mwaka 2016 akaja kuwa kocha aliyewapa Cleveland ubingwa wakiwa nyuma mechi tatu kwa moja. Hilo nalo ni somo kwa watabiri, ila nimesema leo sitatabiri.

Sikubadilika siku ile ile. Ilinichukua mpaka 2003, na aliyenisaidia ni Simba. Mnakumbuka walipowafunga Zamalek, mabingwa wa Afrika, bao moja kwa bila hapa Dar es Salaam? Nilikuwa kwenye daladala watu wanaimba, na maneno yale yale yakanipanda kooni: bao moja tu hilo, mkienda Cairo mtakiona. Nikayameza. Nikaimba. Simba wakaenda Cairo wakafungwa moja, wakawatoa Zamalek kwa penalti. Ningeyasema, mpaka leo ningekuwa nachekwa. Lakini hata kama wangefungwa mabao sita huko, zile nyimbo za kwenye daladala zingekuwa zimekwisha imbwa.

Fundi aliondoka mtaani kwetu miaka michache baadaye. Wengine walisema amerudi kwao, wengine walisema amekwenda Zambia. Kibanda chake sasa kinauza vioo na makava ya simu. Tarehe 30 Septemba 2024 redio ilipotangaza kwamba Mutombo amefariki kwa saratani ya ubongo, akiwa na miaka 58, mtu wa kwanza niliyemfikiria ni yeye. Ningependa kujua kama alipata kusikia habari za ile hospitali ya vitanda 300 ambayo Mutombo aliijenga Kinshasa, iliyofunguliwa mwaka 2007 na kupewa jina la mama yake, Biamba Marie. Mama huyo alifariki wakati wa machafuko, barabara zimefungwa, hakuweza kufikishwa hospitali. Ningependa nimpelekee Fundi habari hiyo mimi mwenyewe, asubuhi, kwa kumgongea mlango.

Juni 2025 niligongewa tena. Si kwa mkono safari hii. Kijana wa nyumba ya pili, mwanafunzi wa chuo, alipiga ukelele alfajiri ya Ijumaa ambao uliamsha kuku na majirani. Indiana Pacers walikuwa wamewafunga Oklahoma City, timu iliyoshinda mechi 68 katika msimu wa kawaida, 111 kwa 110, huko huko Oklahoma City, katika mechi ya kwanza ya fainali. Katika mechi nzima Pacers waliongoza kwa sehemu tatu za kumi za sekunde tu, zile za mwisho, baada ya Tyrese Haliburton kutupia. Kijana alikuwa ametazama kwenye simu, kajifunika shuka, asimwamshe baba yake. Alimwamsha.

Nilipotoka nje nikamkuta baba mtu uani kajifunga kikoi, anamwambia kijana kwamba ni mechi moja tu hiyo, na mtihani wake uko saa mbili, na kwamba wale wengine watashinda. Kijana amesimama na simu mkononi, ile furaha inamtoka taratibu usoni. Baba yake alisema kweli, maana Oklahoma City walikuja kulitwaa kombe tarehe 22 Juni, katika mechi ya saba, na Haliburton akaumia vibaya mguu katika mechi hiyo hiyo. Lakini siku ile ilikuwa bado ni tarehe 6.

Nikamwita ukutani. "Hebu njoo hapa, baba. Alitupia kutoka wapi?"

Akaja. Akaanza tangu robo ya nne, Pacers wako nyuma kwa pointi 15, na akaeleza kila kikapu. Yule Siakam, akaniambia, mzee, ni wa Cameroon. Nilikuwa najua. Nikamwambia, "Acha!" Chai yangu ikapoa, baba yake akaingia ndani kuvaa, na kijana alipofika kwenye sekunde ya mwisho akasema maneno hayatoshi, akanipa simu nitazame mwenyewe. Nilitazama mara tatu.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.